Intero yenye kurudishwa inafundisha, intero ya kuuzwa ni bariere tu

Tunawaandikia toka Wamaza, kusini ya Maniema, upande wa Kasongo na Kabambare. Siye ni watu wa sindika ya wachimbaji. Wengi wetu masomo yaliishia ku sekondari, na wengine hawakuifika. Mutu anaweza kuuliza: watu wa mashimo wana neno gani na fakilite ya medsin? Tuko nalo. Wale watoto wanasoma na feza ya kasiterite na ya dhahabu yenye tunatoa chini ya udongo. Na siku moja ni siye tutakuwa tumelala ku kitanda, wao wamesimama juu yetu.

Tuanze na kifo kimoja, maana njo kilituingiza mu hii mashauri.

Ilikuwa wakati wa mvua. Shimo lilianguka asubuhi. Mwenzetu mumoja, baba wa watoto wane, alibakia ndani, miguu yote mbili imefinywa na jiwe toka mapaja mpaka chini. Kichwa na kifua vilikuwa huru. Alikuwa anasema na siye, anatuonyesha pahali pa kuchimba, hata anatuchekesha. Ilitupita karibu saa sita kumufikia. Tulipoinua lile jiwe, watu wote wakapiga kelele ya furaha. Tukamubeba na tipoyi mpaka ku barabara, kisha na piki-piki mpaka ku kituo cha afya. Pale kulikuwa enfirmie mumoja na mwanafunzi mumoja wa staji. Walitazama mifupa, hakuna uliovunjika. Wakamusafisha vidonda, wakamupa dawa ya maumivu. Mugonjwa akaomba chai. Siye tukarudi ku nyumba tukisema Mungu ni mwema.

Kesho yake mukojo wake ulikuwa mweusi sawa kahawa. Siku ya tatu haukutoka tena. Siku ya ine tulikuwa tunachimba shimo ingine, ya kumuzika.

Nyuma ya matanga, yule mwanafunzi alikuja mwenyewe ku barza yetu. Hakuna mutu aliyemwita. Alitueleza kama ile ugonjwa iko na jina na iko mu vitabu. Nyama ya mwili ikifinywa saa nyingi, inaanza kufa. Wakati jiwe linainuliwa, sumu ya ile nyama inaingia mu damu mara moja, inaweza kusimamisha moyo na inaharibu figo. Wenye elimu wawili, Bywaters na Beall, waliiandika mwaka wa 1941, wakati watu wa London walikuwa wanatolewa chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Kwa hiyo, mutu akifinywa hivi, inafaa kumutundika serumu ya chumvi mbele ya kuinua jiwe kama inawezekana, kumuongezea maji mengi, kuangalia mukojo wake kila saa, na kumutuma ku hopitali kubwa bila kungoja, hata kama anacheka na anaomba chai.

Kisha akasema neno lenye lilituvunja moyo: «Hii yote tulisoma. Mu ile kozi nilipata 16 juu ya 20.»

Hatukumutukana. Siye pia tuliinua jiwe bila kujua, na ule siku hakuna serumu iliyokuwa karibu na shimo. Lakini tulimuuliza kitu kimoja: tangu ile egzame, nani alikuuliza tena juu ya ile ugonjwa? Akafikiri. Akajibu: hakuna. Miaka mbili ilipita, na hakuna mutu hata mumoja aliyemuuliza. Ile 16 ilikuwa ya kweli siku ile ya egzame. Siku ya shimo, haikuwako tena.

Njo maana, wakati wa vakansi, tuliwaita wanafunzi wote wa medsin waliorudi ku wazazi. Walikuja saba, wanaosoma ku Kindu, ku Bukavu, ku Kisangani na ku Lubumbashi. Tuliwapa viti, tukawauliza ulizo moja: mungependa mwalimu awaulize kila juma, ao aache mpaka ku sesio?

Tulifikiri watajibu sauti moja. Kumbe waligawanyika vipande vitatu.

Wa kwanza walisema ndiyo, intero nyingi ni muzuri. Bila intero, mwanafunzi anafungua silabusi juma mbili mbele ya sesio, njo anaanza kubloke usiku na muchana, anakunywa kahawa, anajaza kichwa sawa mutu anajaza mufuko wa mchanga. Nyuma ya egzame mufuko unatoboka. Mumoja akasema: kozi yenye nilikuwa naulizwa kila juma, njo ile peke yake ninaweza kukueleza leo bila karatasi.

Wa pili walisema hapana, tutakufa. Mu oditwari wako wengi sana, kozi ni nyingi, na kila mwalimu anafikiri kozi yake ni moja tu mu dunia. Intero tatu zinaanguka juma moja. Mutu analala saa tatu, anakula mara moja. Wakati ingine wanakimbia ziara ya wagonjwa ku hopitali kusudi waende kubloke intero. Sasa faida iko wapi, kama unamuacha mugonjwa kusudi ujibu karatasi juu ya mugonjwa?

Wa tatu ni binti mumoja aliyekuwa amenyamaza toka mwanzo. Alisema: «Mimi siogopi ulizo. Naogopa karatasi yenye hairudi.» Akaeleza. Pahali fulani, unaandika intero mwezi wa kwanza, haujaona makosa yako mpaka sesio inafika. Ao unaona paka pointi zimebandikwa ku mulango, 7, 9, 11, bila kujua wapi ulikosa. Na kuko pahali, mwenye hajanunua silabusi jina lake halisomwi ku liste ya intero. Wengine wanasema pointi inaweza kuongezeka kama unajua mulango wa kupigia hodi. Basi intero ikizidi, feza nayo inazidi.

Tulinyamaza wote. Ile feza, siye njo tunaitoa.

Hatuko waalimu, lakini tulitafuta kujua wenye elimu wanasema nini juu ya hii mambo. Mu mwaka wa 2006, wenye elimu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walifanya jaribio na wanafunzi. Kundi moja lilisoma maandishi, kisha likayasoma tena. Kundi ingine lilisoma mara moja, kisha likafunga karatasi na kuandika yote liliyokumbuka. Nyuma ya dakika tano, wenye kusoma mara mbili walishinda: 81 juu ya 100, na wengine 75. Lakini nyuma ya juma moja mambo yaligeuka: wenye kujiuliza walikuwa bado na 56, wenye kusoma tena walibakia na 42. Na jambo la ajabu ni hili: mu jaribio lao la pili, wenye kusoma mara nyingi ndio walifikiri watakumbuka zaidi. Macho yalizoea maneno, wakazani wanayajua.

Mu mwaka wa 2009, Roediger huyo huyo pamoja na Larsen na Butler waliandika juu ya waganga vijana, wale wanaojifunza zaidi kazi ya watoto na kazi ya irzansi. Waliwafundisha magonjwa mawili. Moja waliwauliza mara tatu, katikati karibu juma mbili mbili, na kila mara waliwaonyesha jibu la kweli. Ingine waliwapa tu karatasi ya kusoma tena. Nyuma ya miezi sita na zaidi, yale waliyoulizwa walijua 39 juu ya 100, na yale waliyosoma tu 26. Mutazame vizuri: hata 39 haiko nyingi. Kusahau ni kwa kila mutu, hata kwa munganga. Lakini mutu mwenye kuwa na 39 na mwenye kuwa na 26, ukiwa chini ya jiwe, utachagua nani?

Kusema kweli, ile hesabu haikutushangaza sana, maana siye mu mashimo tunafanya vile tangu zamani bila kuiita elimu. Kijana mupya akija, hatumufundishi siku moja na kumupa sertifika. Kila asubuhi ku mulango wa shimo, mukubwa wa timu anamuuliza: muti ukilia, unafanya nini? Maji yakianza kutoka ku ukuta? Taa ya kichwa ikizimika? Mwenzako akianguka bila kusema, unateremuka kumufuata? Hapo kijana wote wanajibu ndiyo, na tunawaambia: hapana, hewa iliyomuangusha yeye itakuangusha na wewe, kwanza ita watu. Kesho tunauliza tena. Juma ingine tunauliza tena. Hatumukati franga juu ya kukosea. Hatuandiki pointi. Akikosa, anaambiwa pale pale, mbele ya kuteremuka. Kama tungengoja mwisho wa mwaka kusudi tumuulize, tungekuwa tunauliza kaburi.

Njo hapo tunataka kusema wazi wazo letu. Wenye kusema intero nyingi ni muzuri wako na haki. Wenye kulia juu ya intero nyingi nao wako na haki, sababu wanasema juu ya kitu kingine chenye kuchukua lile jina. Kuulizwa ili ujue pahali haujui, ni kufundishwa. Kuulizwa ili ukatwe, ili ulipe, ili uogope, ni bariere. Na siye watu wa mashimo tunajua bariere. Toka shimo mpaka Kasongo tunazikuta, kila mutu na kamba yake, na hakuna hata moja iliyowahi kutengeneza barabara.

Kwa hiyo hatuombi intero zipunguzwe. Tunaomba ziongezwe, na zibadilishwe. Ku sindika tunaita hii kaye ya madai, na tunaweka madai ine.

La kwanza: karatasi irudi. Intero isiyorudishwa mu juma moja, pamoja na jibu la kweli, isihesabiwe. Mwanafunzi asiyejua kosa lake atalibeba mpaka ku kitanda cha mugonjwa.

La pili: intero iwe ndogo na iwe ya bure. Maulizo tano mwanzoni mwa somo yanatosha. Silabusi ni ya kusoma, haiko tikiti ya kuingilia mu intero. Pointi za intero ziwe kidogo kusudi mutu asishawishiwe kuiba ao kununua, maana mutu haibi kitu chenye hakina bei.

La tatu: walimu wapatane. Intero tatu mu siku mbili hazimufundishi mutu, zinamuchosha tu. Na saa ya wagonjwa isiguswe. Hata pale ku kitanda, maulizo yanawezekana: huyu mama ana homa siku tano, mbele ya kusoma fishi yake, unafikiri nini?

La ine, na njo kubwa: ulizo la zamani lirudi. Yale ya mwaka wa pili yaulizwe mwaka wa ine, ya mwaka wa tatu yaulizwe wakati wa staji. Ku Maastricht, inchi ya Uholanzi, walianza kufanya hivi mwaka wa 1977: mara ine mu mwaka, wanafunzi wote wa medsin, toka wa mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, waliandika karatasi moja yenye kipimo cha mutu anayemaliza masomo. Wa kwanza anajibu kidogo, wa mwisho anajibu mengi, na kila mutu anaona namna anapanda. Na ile karatasi ilikuwa na pahali pa kujibu «sijui». Mwenye kuandika sijui hakupoteza kitu, mwenye kubahatisha na kukosa alipoteza. Hii ilitupendeza sana. Munganga mwenye anajua kusema sijui, anamutuma mugonjwa mbele haraka. Mwenye kubahatisha anamupa dawa ya maumivu na chai.

Tunajua jibu lenye litakuja. Mutasema: inchi yetu haiko Uholanzi. Asistanti ni wachache, mushahara unachelewa, grevi zinakatisha mwaka. Profesa mwingine anatoka mbali, anafundisha kozi nzima mu juma mbili, egzame, kisha anapanda ndege. Ni kweli, na siye watu wa sindika hatuwezi kuwacheka watu wenye kudai mushahara wao. Lakini maulizo tano ubaoni yanaomba chaki moja. Wanafunzi wabadilishane karatasi, jirani asahihishe jirani, mwalimu aseme jibu kwa sauti. Hata mwalimu asipokuwako, watu wane wanaweza kukaa chini ya muembe, mumoja ashike silabusi, watatu wafunge zao. Hakuna dekre ya Kinshasa inayokataza hiyo. Na ile reforme ya LMD yenyewe inasema mwanafunzi apimwe katikati ya masomo, asingoje mwisho tu. Basi tuifanye kweli, isibakie herufi tatu.

Tena tusijizarau. Watu wa Kasongo wanaweza kufundisha dunia, na walishafanya hivyo. Mu miaka ya 1970 na 1980, hopitali ya Kasongo na vituo vyake vya afya, pamoja na chuo cha medsin ya tropiki cha Antwerp, walifanya kazi yenye inasomwa mpaka leo, ile inaitwa Projet Kasongo. Mwaka wa 1981 gazeti la waganga, The Lancet, lilichapisha yale waliyoyaona hapa juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wadogo. Hawakutosheka kusema «tumechanja, basi imeisha». Walirudi, wakahesabu, wakatazama nani aliye hai. Ile ni moyo moja na tunayoiomba: usiamini kama kazi imeingia, rudi uulize.

Kwa wazazi wenzetu tuko na neno pia. Mutoto akirudi vakansi, tunamuuliza: ulipita? ulipata pointi ngapi? ulibakia na kozi ngapi? Tumuulize kitu kingine. Muonyeshe kidonda chako, muulize ni nini. Muulize mafua ya mutoto inageuka pneumonia namna gani, na mama ataijua na alama gani. Akishindwa, usimufokee, na usiseme umekula feza yangu bure. Muambie: tafuta, kesho utanieleza. Hiyo ni intero, na hailipwi.

Siye tulianza. Tangu ile vakansi, siku ya posho nyuma ya mukutano wa sindika, wanafunzi wenye wako hapa wanakaa na siye nusu saa. Wao wanatuuliza mambo ya kuokoa mutu, na siye tunawauliza mambo ya mashimo, kusudi wajue wagonjwa wao wanatoka mu hewa gani na mu vumbi gani. Yule mwanafunzi wa staji hakosi. Yeye njo anauliza ulizo la kwanza, kila mara lile lile: mutu amefinywa miguu toka asubuhi, anasema vizuri, anacheka. Munafanya nini mbele ya kuinua jiwe?

Posho ya kwanza, mu watu ishirini, wawili tu walijibu. Posho iliyopita, hata mama mwenye kutuuzia mihogo ku mulango wa shimo alijibu mbele yetu: serumu kwanza, jiwe nyuma. Sasa tunatafuta feza ya kuweka zile serumu ku shimo, na enfirmie wa kuzitundika. Ile itakuwa barua yetu ingine.